Oili chafu na cheni ya pikipiki

Waendesha bodaboda wengi huamini kuwa oili chafu, ile inayomwagwa injini ikibadilishiwa oili, inatosha kabisa kwa cheni. Ni bure, na cheni inanyamaza mara moja.

Inanyamaza kweli. Lakini oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma zilizolika ndani ya injini, na chembe hizo huingia kwenye pini za cheni, mahali penye msuguano mkubwa. Pia si nzuri kwa ngozi ukiizoea kuishika.

Pima mwenyewe: dondoshea karatasi nyeupe tone la oili chafu na tone la oili mpya ya gia, namba 90, kisha linganisha.

Kusafisha, tumia brashi na mafuta ya taa, mbali na moto. Petroli iache: hushika moto upesi mno na huharibu vipira vya cheni zilizo navyo. Futa, paka hiyo oili mpya ya gia upande wa ndani wa cheni, kisha pangusa ziada, kwani inayobaki nje hunasa vumbi. Na tafadhali, zungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Cheni inayovutwa na injini hukata vidole.