Mfalme mmoja, sababu nne za wazimu

Jumanne moja ya mwezi wa tatu ilinijia familia kutoka upande wa Bahi: kijana wa miaka 23, mama yake, shangazi yake na baba yake mdogo. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili wasitambulike.) Kijana alikuwa hajalala siku nne. Alikuwa anaongea na mtu ambaye sisi wengine hatukumwona, na mkononi kashika kipande cha waya wa uzio, hataki kukiachia. Nikawasalimu, “Mbukwenyi,” wakaitikia, tukakaa.

Sikuwahi hata kufungua faili. Mama aliomba tutoke pembeni. Akaniambia mwanawe karogwa na watu wa ukoo wa mumewe, tangu alipoachiwa shamba la mizabibu la marehemu babu yake. Aliporudi ndani akatoka shangazi. Yeye alisema ni bangi. Kijana aliishi kwake mjini mwaka mzima na marafiki zake anawajua. Baba mdogo akaja wa mwisho, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba familia iliacha matambiko na sasa wazee wamekasirika.

Nina miaka mingi kwenye kazi hii ya kutibu wagonjwa wa akili hapa Dodoma, na mazungumzo ya pembeni kama hayo nimeyasikia mara nyingi. Lakini siku ile nilimkumbuka Cleomenes, mfalme wa Sparta, mji wa Ugiriki ya kale, na tangu hapo sijaacha kumfikiria.

Habari zake ziko katika kitabu cha sita cha Historia ya Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK. Cleomenes alirudi kwao Sparta akiwa ameanza kuchanganyikiwa. Alimchapa usoni kwa fimbo yake kila Msparta aliyekutana naye. Ndugu zake wakamfunga miguu kwenye mkatale wa mbao, wakamwekea mlinzi mmoja, mtumwa. Alipobaki na huyo mtumwa peke yake akamwomba kisu. Mtumwa akakataa. Mfalme akamtishia atakachomfanya siku akifunguliwa, na yule mtu kwa woga akampa. Cleomenes akaanza kujichanja kwenye miundi, akapanda mapajani, nyongani, hadi tumboni, akafa.

Baada ya hapo Herodotus anafanya jambo ambalo mimi, kama mtaalamu, nalistahi sana. Anawauliza watu sababu, na kila anachoambiwa anakiandika.

Wagiriki wengi walisema ni kwa kuwa Cleomenes alimhonga kuhani wa kike wa Delphi, mahali Wagiriki walipoenda kuuliza miungu, atoe neno la uongo, ili mfalme mwenzake Demaratus (Sparta ilikuwa na wafalme wawili) avuliwe ufalme. Waathene wakasema hapana: alipovamia Eleusis, katika ardhi yao, alikata miti ya eneo takatifu la miungu wa kike wa pale. Waargos, watu wa mji wa Argos aliopigana nao, wakasema si hivyo pia. Baada ya vita, askari wao walikimbilia msitu mtakatifu. Cleomenes akawaita mmoja mmoja kwa majina akidai fidia yao imeshalipwa, akawaua kama 50 hivi, kisha akauchoma msitu pamoja na waliobaki ndani. Wasparta wenyewe wakasema hakuna mungu aliyehusika: mfalme alikaa sana na wajumbe wa Wascythia, watu wa kuhamahama kutoka kaskazini, akajifunza kunywa divai isiyochanganywa na maji, na hiyo ndiyo iliyomharibu.

Sisi wa Dodoma tunaolima zabibu tunaijua divai, kwa hiyo naeleza kidogo. Kwa Wagiriki wa kale kuchanganya divai na maji ulikuwa ndio ustaarabu. Kuinywa bila maji ilikuwa tabia ya wageni wasiojua adabu. Anayesema “ni divai ya Wascythia” anasema pia kwamba uharibifu umetoka nje, si kwetu.

Ukiangalia tena zile kauli utaona Mwathene analia na ardhi yake ya Eleusis, na Mwargos analia na ndugu zake waliochomwa. Msparta ndiye aliyemfunga mfalme akafia mikononi mwake, na sababu yake ndiyo pekee isiyomdai mtu yeyote kitu. Wapo wanahistoria wa siku hizi wanaoshuku kwamba aliuawa na ndugu zake. Mimi hilo siwezi kulithibitisha. Ninachokiona ni kwamba kila aliyetoa sababu ya wazimu wa Cleomenes alikuwa anatoa dukuduku lake mwenyewe. Hata Herodotus anachagua upande: anaona mfalme alilipa deni la Demaratus.

Shakespeare, karne nyingi baadaye, aliijengea tabia hiyo mchezo mzima. Hamlet, mwana wa mfalme, anapoanza kuonekana kama amerukwa na akili, Polonius, mshauri wa ikulu, ana uhakika ni mapenzi, na binti anayependwa ni wa Polonius. Mama yake Hamlet anahisi ni kifo cha baba na ndoa yake yeye mama iliyofanywa haraka mno. Rosencrantz, rafiki yake wa zamani, anadhani ni tamaa ya cheo. Kila mmoja anapima kwa kipimo alichonacho nyumbani.

Na sisi tuna vipimo vyetu, vimejificha ndani ya maneno. Wazimu ni ndugu wa mzimu: neno lenyewe limeshamtaja aliyesababisha. Majununi limetoka kwa Waarabu, ni mtu aliyeingiwa na jini. Punguani kapungukiwa, na aliyechanganyikiwa vitu vyake vyote vipo ila vimevurugika. Mtu anayesema “ana wazimu” na anayesema “amechanganyikiwa” wanamwangalia mgonjwa mmoja, lakini wa kwanza atatafuta wa kumlaumu na wa pili atatafuta wa kumsaidia kupanga. Kuna neno moja la hapa kwetu linaloniuma, nalo ni Mirembe, jina la hospitali iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Mwingereza, ambalo mtaani limegeuzwa tusi. Mama wa yule kijana alichelewa kumleta kwa wiki mbili kwa sababu ya neno hilo.

Ukiniuliza ni nani kati ya watu wa kale aliyeielewa kazi yangu, nitakutajia Cadmus, mzee katika tamthilia ya Euripides iliyochezwa Athens mwaka 405 KK, mwandishi akiwa ameshafariki. Binti yake Agave ametiwa wazimu na Dionysus, mungu wa divai, na kule mlimani yeye na wenzake wamemrarua Pentheus, mwanawe wa kumzaa, wakidhani ni mnyama. Anarudi mjini na kichwa cha mwanawe, akijisifu kwamba amewinda simba.

Cadmus anajua kila kitu. Anajua mungu aliyehusika na anajua kwa nini. Hata hivyo hamwambii binti yake kwamba ana wazimu. Anamwambia kwanza atazame juu, mbinguni. Anamuuliza: pako vilevile au pamebadilika? Agave anajibu pamekuwa peupe zaidi kuliko mwanzo. Anamuuliza kama moyo bado unampapatika. Agave anasema haelewi, lakini anahisi akili inamrudia kidogo. Halafu: uliolewa nyumba gani? Ulimzaa nani? Majibu yanakuja, moja baada ya jingine. Ndipo anapomuuliza kichwa alichokishika ni cha nani. “Cha simba,” anasema, “ndivyo walivyosema wenzangu.” Mzee anamwomba aangalie vizuri.

Wanafunzi wa uuguzi wanaopita kwangu nawasomea mahali hapo kwa sauti, kwa sababu ndivyo tunavyouliza wodini: leo siku gani, hapa ni wapi, nani amekuleta. Tunaanza na kisichoumiza. Kwenye kinachoumiza tunafika mgonjwa akishakuwa na pa kukanyaga. Na ni lazima awepo mtu wa kubaki naye akishaona, kama Cadmus alivyobaki, maana Agave anapotambua alichoshika, hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo Jumanne ile sikubishana na mtu. Bangi niliiandika, kwa sababu inaweza kuwa sehemu ya ugonjwa. Shamba na matambiko niliyaandika pia, kwa sababu yalikuwa yanawauma. Kisha nikamgeukia kijana, ambaye mpaka wakati huo hakuna aliyemuuliza chochote, nikamwomba aangalie dirishani aniambie hali ya hewa. Akatazama muda mrefu. “Upepo,” akasema. “Vumbi linatoka upande wa mashariki.” Ilikuwa kweli. Nikamuuliza usiku anasikia nini, akaanza kunieleza, na katikati ya maelezo akauweka ule waya mezani.

Wakati wa kuondoka baba mdogo alibaki mlangoni. “Daktari,” akasema, “kwa hiyo ni bangi au ni wazee?”

“Baba,” nikamwambia, “kila siku niandikieni amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi. Dawa ni usiku, baada ya kula. Alhamisi mje wote wanne.”

Walikuja watano. Aliongezeka bibi.