Je, wajua kwa nini wakala wa akili unde huikosea zana isiyo na kasoro?

Chukua programu ya kupokelea korosho ya chama kimoja cha msingi cha ushirika huko Tandahimba, mkoani Mtwara, Tanzania. Mtengenezaji wake anasaidiwa na wakala wa akili unde, yaani programu inayofanya kazi hatua kwa hatua yenyewe, anayeandika msimbo, na amempa zana iitwayo tafuta_mapokezi ili achungulie kanzidata ya majaribio. Maelezo ya zana ni mafupi: "Hutafuta mapokezi ya korosho." Funksheni, yaani msimbo unaoitekeleza zana hiyo, imejaribiwa na iko sawa. Wakala anatumwa akague jumla ya msimu wa 2024/2025. Anaweka mwaka kuwa 2024, anapata sehemu tu ya mapokezi, kisha anaanza kurekebisha msimbo ambao haukuwa na kosa.

Wengi husema wakala hakuisoma funksheni vizuri. Ukweli ni kwamba hakuisoma kabisa. Kinachoifikia modeli, yaani akili unde inayomwongoza wakala, ni jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vigezo (taarifa ambazo zana hupewa inapoitwa) kwa muundo wa JSON, namna ya kuandika data kwa maandishi. Msimbo wenyewe unabaki kwenye mashine yako. Wala modeli haiendeshi zana: huandika ombi la kuiita, programu yako huitekeleza, na matokeo hurudishwa kama maandishi. Ndivyo ilivyokuwa kampuni ya OpenAI ilipoleta utaratibu huu Juni 2023 kwenye API yake, yaani njia ambayo programu nyingine hutumia kuzungumza na modeli. Itifaki ya MCP, kanuni za pamoja za kuunganisha modeli na zana zilizotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, haikubadili hilo. Kwa hiyo maoni uliyoandika juu ya funksheni, majina mazuri ya vigeu vya ndani, ukaguzi wa tarehe ulioupanga kwa uangalifu, vyote havionekani. Ni kweli kwamba wakala wa msimbo anaweza kufungua faili la zana likiwa ndani ya mradi anaoufanyia kazi, lakini hakuna kinachomlazimu kufanya hivyo kabla ya kuiita. Zana ikiwa kwenye seva ya mbali, hana hata faili la kufungua.

Fikiria mnada wa stakabadhi ghalani. Anayezabuni hafungui gunia moja moja. Anasoma karatasi inayotaja ghala, daraja na kilo. Karatasi ikisema "magunia 500" bila uzito wala daraja, itabidi akisie, na bei yake itafuata kisio hilo. Modeli nayo inazabuni kwa karatasi. Tofauti ni kwamba mnunuzi anaweza kumpigia simu mtunza ghala, ilhali modeli mara nyingi haiulizi: huliziba pengo kwa lile lililozoeleka kwenye maandishi iliyofunzwa nayo. Humo mwaka huanza Januari na kuisha Desemba. Mauzo ya korosho huanza Oktoba na msimu huvuka mwaka, jambo ambalo kigezo kiitwacho "mwaka" hakilisemi popote.

Maelezo yanayofaa yangekuwa hivi: "Hurudisha mapokezi ya korosho ghafi ya msimu mmoja. Itumie kwa uzito na daraja. Kwa malipo ya wakulima tumia tafuta_malipo. Haibadilishi kumbukumbu yoyote. Uzito ni kilo, si magunia. Hurudisha mistari isiyozidi 200. Ikizidi, ita tena kwa ukurasa unaofuata." Sentensi ya pili na ya tatu ndizo husahaulika kwa urahisi, nazo ndizo zinazozuia zana mbili zinazofanana zisichanganywe.

Kwenye vigezo, badili "mwaka" uwe "msimu", wa lazima, wenye mfano "2024/2025". Daraja lisiwe maandishi huru. Weka orodha ya majibu yanayokubalika, la_kwanza na la_pili. Saa ziandikwe kuanzia 00:00 hadi 23:59, maana karani akiingiza "3" akikusudia saa tatu asubuhi, modeli itaisoma kuwa 03:00, usiku wa manane.

Inapowezekana, rekebisha kigezo badala ya kurundika maonyo. Anthropic walieleza Desemba 2024 kwamba wakala wao wa msimbo alikuwa akikosea njia za mafaili baada ya kuhama folda ya mwanzo. Walibadili zana idai njia kamili kila mara, na makosa hayo yakaisha.

Urefu hauna kipimo kimoja. Nyaraka za Anthropic zinashauri angalau sentensi 3 au 4 kwa zana, zaidi ikiwa ngumu, lakini maelezo ya zana zote hula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli huhesabia matumizi) katika kila ombi, na yaliyofaa kwa modeli moja yanaweza yasifae kwa nyingine. Jaribu kwa maswali halisi ya kazi yako, kisha soma kumbukumbu za miito: zana gani iliitwa, kwa vigezo gani, na ilijibu nini. Majibu ya hitilafu nayo ni maelezo. "Hitilafu 400", inayosema tu kwamba ombi lina kasoro, humwacha wakala akirudia ombi lilelile. "Msimu lazima uwe kama 2024/2025, umeleta 2024" humwezesha kulisahihisha kwenye wito unaofuata.