Jua pekee halitoshi kulinda mifupa
Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya simu hudai kwamba mama aliyekoma hedhi akiota jua kila siku, mifupa yake haitadhoofika. Ni kweli kwamba ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua, nayo husaidia utumbo kufyonza kalsiamu, ingawa ngozi nyeusi huitengeneza polepole na mavazi huuzuia mwanga huo. Lakini hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua, na mfupa humomonyoka upesi kuliko unavyojengwa, hata vitamini ikitosha. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu mambo yote mawili hugusa mfupa uleule. Kipimo cha damu huonyesha kiwango cha vitamini D; uimara wa mfupa hupimwa kwa eksirei maalumu. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo, kwani anayeuamini anaweza kuchelewa kupimwa mpaka nyonga ivunjike.