Picha ibaki kwenye karatasi

Hapa Moshi wapagazi wa Kilimanjaro huitwa wagumu, na jina hilo linanipa kazi. Mgumu halii. Ameshamwona mwenzake akishushwa kwa machela, hapumui, naye akishuka mjini anasema amechoka tu.

Nilipoanza vikundi vyao vya tiba niliwaketisha duara nikawaomba wasimulie. Nilikosea. Mmoja alipofika katikati ya kisa, wawili walitoka nje, mmoja akatapika. Nilikuwa nimewagawia picha ambazo hawakuwa nazo.

Siku hizi nachanganya tiba ya kikundi na ile ya kusogeza macho, aliyoianzisha Francine Shapiro wa Marekani mwaka 1987. Mtu hushika kumbukumbu akilini huku akifuata vidole vyangu kushoto na kulia. Maelezo mojawapo ni kwamba akili haina nafasi ya kubeba yote mawili kwa pamoja, basi picha hupoteza makali. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wenye kiwewe. Muhimu kwangu: halazimiki kusimulia.

Ila vidole vyangu haviwezi kuongoza macho ya watu wanane. Hilo lilishatatuliwa Mexico, baada ya kimbunga Pauline kupiga Acapulco mwaka 1997. Lucina Artigas na Ignacio Jarero walitumia kumbatio la kipepeo: unapishanisha mikono kifuani na kujigonga kwa zamu, kulia, kushoto. (Wagumu hucheka mara ya kwanza. Nawaacha wacheke.)

Tukishajifunza kutuliza pumzi, kila mmoja anakunja karatasi iwe robo nne. Anachora kumbukumbu yake kwenye robo ya kwanza, anaandika namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, anajigonga, anachora tena. Mmoja alichora kiatu tu, kamba zimelegea. Akaandika 9. Kwenye robo ya nne kiatu kilikuwa kidogo, kando ya njia, na mlima nyuma yake. Akaandika 4.

Ndipo tunaongea, na si kuhusu picha. Tunaongea pombe, kumfokea mke, kuogopa kupanda tena. "Kumbe na wewe unaamka saa tisa usiku?" Swali hilo macho hayawezi kulileta. Irvin Yalom, bingwa wa tiba ya kikundi, alihesabu kujua kwamba hauko peke yako kuwa mojawapo ya mambo yanayoponya.

Sasa ninaye mmoja ambaye namba yake imeganda kwenye 8. Alhamisi anakuja peke yake, tunatumia vidole. Kikundi hajakiacha, anasema anafuata chai.