Mtungi wa Midomo Miwili kutoka Makaburi ya Nasca

Wageni wakisimama mbele ya mtungi huu wa Nasca, jamii ya kale ya Peru, swali huwa lile lile: rangi hizi mmezipaka upya? La. Wekundu ule, weusi ule na ile rangi ya maziwa vilipakwa kusini mwa Peru zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Siri iko motoni. Watangulizi wa Nasca, watu wa Paracas, walichoma chombo kwanza, kisha wakapaka rangi ya utomvu, ambayo hubanduka upesi. Mafundi wa Nasca wakageuza utaratibu. Walisaga mawe yenye madini, ya chuma kwa wekundu na ya manganizi kwa weusi, wakayakoroga na udongo kuwa uji mwepesi, wakachora kwenye chombo kibichi. Wakakisugua kwa kokoto mpaka king'ae, ndipo wakakichoma. Rangi ikashikana na udongo. Na haya yote bila gurudumu la mfinyanzi, ambalo katika nchi za milima ya Andes, Amerika Kusini, halikujulikana. Kuta hizi nyembamba zilipandishwa kwa mkono.

Tazama juu: vijidomo viwili vifupi, na kati yake daraja la udongo ambalo ndilo mkono wa kushikia. Ukimimina kwa mdomo mmoja, hewa huingia kwa wa pili, na kinywaji hutoka bila kukwama. Tumboni kuna nyangumi muuaji mwenye mkono wa binadamu, ameshika nywele za kichwa kilichokatwa. Usidhani ni njozi za mchoraji tu. Wanaakiolojia wamefukua vichwa halisi vilivyotobolewa kwenye paji la uso na kutiwa kamba ya kubebea.

Mitungi ya namna hii ilishafika Berlin karne ya 19, asili yake ikiwa haijajulikana. Mwanaakiolojia Mjerumani Max Uhle aliifuata hadi bonde la Ica, kusini mwa Peru, na mwaka 1901 akaikuta makaburini, katika jangwa kavu linalohifadhi hata nguo za pamba walizoviringishiwa maiti. Waporaji wa makaburi, huaqueros kwa jina la huko, huchukua mtungi na kutawanya mifupa. Ndiyo maana vingi vya vyombo hivi, hata vilivyo kwenye makumbusho makubwa, havina habari ya aliyezikwa navyo.

Hata hivyo, tusiviite vyombo vya wafu. Huko Marcaya, kijiji cha zama hizo, vigae vya vyombo hivihivi vya rangi vimeokotwa ndani ya nyumba za watu wa kawaida, penye majivu ya kupikia.