Kizuri chajiuza? Si kwa fundi wa jua kali

Methali ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" imewaponza mafundi wengi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo zisizo rasmi. Wamekua wakiamini kwamba mkono ukiwa mzuri, riziki itakuja yenyewe.

Nenda Kamukunji, Nairobi. Masanduku ya bati, karai na majiko yamepangwa kibanda kwa kibanda, na kazi zinafanana mno. Kinachomtenga fundi na jirani yake mara nyingi ni hesabu. Tuseme sanduku limekula bati la shilingi 900, rangi na kufuli 250, likauzwa 1,500. Fundi anaona amepata faida ya 350. Lakini hajatoa kodi ya kibanda, nauli ya kubebea bati, wala ujira wa siku nzima aliyogonga nyundo. Akiyatoa hayo, huenda amekula hasara, na kadiri anavyopata wateja ndivyo anavyozidi kudidimia.

Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya 1972 kuhusu Kenya, lilionyesha kuwa shughuli hizi ndogo zina tija. Ila uanagenzi hufundisha zaidi kukata na kuunga. Kupanga bei huachwa mtu ajifunze kwa maumivu.

Ujuzi huo wa biashara si wa wasomi: kuchukua malipo ya awali kabla ya kununua mali ghafi, kutenganisha pesa za kazi na za nyumbani, kutimiza siku uliyoahidi. Hauzibi pengo la mtaji wala haumkingi fundi asibomolewe kibanda. Lakini fundi hodari asiye nao hufanya kazi usiku na mchana, na bado hukopa unga dukani.