Kutokula kitimoto hakukukingi na tegu wa kichwani

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha harusi pale Kiborloni, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinivuta pembeni. Mjukuu wake ana kifafa tangu mwaka jana, na hospitali imeshauri apigwe CT scan ya kichwa ili waone kama chanzo ni tegu, yule mnyoo bapa wa nguruwe. Mzee amegoma. "Daktari," akaniambia, "kwangu nguruwe hajaliwa tangu enzi za baba yangu. Hao minyoo watatoka wapi?"

Swali hilo nimeulizwa Moshi na Arusha, na wachinjaji, na walimu, na kinachoniuma zaidi, na mtu wa afya. Mimi ni daktari wa mifugo na nimekagua nyama machinjioni kwa miaka mingi. Leo naliandikia jibu, maana nimechoka kulirudia kila msibani.

Ukila nyama ya nguruwe yenye vifuko, yaani malengelenge madogo yenye kiluwiluwi cha tegu ndani, tena haijaiva, utapata tegu tumboni. Ni utepe wa mita kadhaa uliojishikiza kwenye utumbo mwembamba, na baada ya miezi kama miwili huanza kudondosha vipande. Safari ya nyama imeishia hapo. Kifuko ulichokimeza kwenye kitimoto hakipandi kichwani. Miaka ya 1850 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alilionyesha hilo kwa njia ya kikatili: alimlisha vifuko mfungwa aliyehukumiwa kifo, na baada ya mfungwa kuuawa akawakuta tegu utumboni.

Kinachofika kwenye ubongo kinatokana na yai, na yai halitoki kwa nguruwe. Linatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu tumboni. Kipande kimoja kilichokomaa kinaweza kubeba mayai 50,000. Nguruwe anayezurura akikila kinyesi hicho, anaota vifuko kwenye misuli. Mtu akiyameza mayai hayohayo, yanaanguliwa tumboni mwake, viluwiluwi vinatoboa utumbo, vinasafiri na damu na kutuama kwenye misuli, kwenye jicho au kwenye ubongo. Yaani sisi ndio tunaomwambukiza nguruwe, halafu tunaambukizana wenyewe kwa wenyewe, kisha lawama zote tunambebesha yeye.

Itazame sahani ya kitimoto. Nyama imekaangwa kwenye mafuta yanayochemka. Pembeni kuna kachumbari: nyanya, kitunguu, kabichi, vyote vibichi, vimekatwa na mkono wa mtu. Kwa upande wa kifafa, mimi naiogopa kachumbari kuliko nyama. Ndimu uliyoikamulia haiui mayai ya tegu, wala pilipili. Na kachumbari hiyohiyo huwekwa kwenye pilau, mishikaki na chipsi kuku, kwa hiyo asiyemla nguruwe anaila kila wiki. Kama aliyeikata ana tegu na alitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, au kama mboga zilimwagiliwa maji yaliyochanganyika na kinyesi, imani ya mlaji haizuii kitu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi washika dini jijini New York, watu wasiogusa nguruwe kabisa, waliokutwa na vifuko hivi kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu wengi. Msaidizi mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu tegu wa tumboni hana maumivu makubwa.

Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, tegu huyu husababisha karibu asilimia 30 ya kifafa. Huku mlimani Kilimanjaro wengi tunafuga bandani, na hilo linasaidia. Lakini nyama inasafiri, na watu wanasafiri.

Sasa jambo ambalo vitabu vya ukaguzi vinalipita haraka. Muhuri wangu kwenye nyama hauna maana kwamba haina kifuko hata kimoja. Tunachana moyo, ulimi, misuli ya taya na ya bega. Nguruwe mwenye vifuko vichache anapita mbele ya kisu changu na simwoni. Nikimwona, nyama inatupwa na mfugaji harudishiwi hata shilingi. Safari ijayo atachinja usiku nyuma ya nyumba, asinione kabisa. Nimeshawahi kuondoka machinjioni nikijiuliza kama siku hiyo nimemlinda mtu yeyote. Kwa hiyo ipikeni nyama mpaka ndani wekundu uishe, muhuri uwepo usiwepo.

Maabara nayo ina mpaka wake. Mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe yanafanana kabisa kwenye darubini. Na tofauti yao ni kubwa: mayai ya tegu wa ng'ombe hayamletei mtu vifuko kichwani. Ukiona kipande kimetoka, kihifadhi ukipeleke hospitali, kinaweza kutofautishwa.

Na tafadhali, povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi. Msiogope kumgusa, mlazeni ubavu.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Baba wa mtoto anafanya kazi Arusha na anakula anakotaka, lakini hilo sikulisema mbele yake. Nilimwambia tu kwamba wote wanaokula chungu kimoja na mtoto, watu wazima na mpishi wakiwemo, wapime choo. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa vidonge vya minyoo vya prazikwanteli alivyonunua duka la dawa asubuhi ile, kwamba kama ni minyoo basi ampe mtoto yaishe. Nilimwomba anipe mimi. Dawa hiyo ikiviua vifuko vya kwenye ubongo bila dawa ya kuzuia uvimbe, ubongo unaweza kuvimba na degedege likazidi. Lazima picha itangulie, na daktari awepo. Alinitazama kwa muda, akaniwekea vidonge mkononi, akaniuliza CT scan huwa inaanza saa ngapi.